Asili ya Karma na Mafundisho ya Buddha juu ya Nafsi

Msomaji, neno karma limesafiri mbali na kwao. Siku hizi husikika katika nchi nyingi, na aghalabu watu hulitumia kwa maana ya majaaliwa. Mtu akipatwa na msiba husemwa kuwa ndiyo karma yake, kana kwamba ameandikiwa na hana hila. Walakini ukiifuata asili ya neno hili, utaona ya kuwa maana yake ya kwanza haikuwa hiyo hata kidogo. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, karma ni tendo. Historia ya neno hili ni historia ya swali moja kubwa: tendo la mwanadamu lina uzito gani, na ni nani alipwaye kwa tendo hilo?

Swali hili lilipofika kwa Buddha lilipata jibu la ajabu. Buddha alifundisha mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza hugombana. Alisema ya kuwa kila tendo la kusudi lina matunda yake, nayo huiva kwa wakati wake. Tena alisema ya kuwa ndani ya mwanadamu hamna nafsi ya kudumu isiyobadilika. Kama nafsi hiyo haipo, ni nani basi avunaye kilichopandwa? Tufuatane hatua kwa hatua, ili uone mafundisho haya mawili yalitoka wapi, na kwa nini mwalimu aliyeyatoa hakuyaona kuwa ni maadui.

Baina ya miaka 1500 na 1000 hivi kabla ya Kristo, katika sehemu za kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, zilitungwa nyimbo za ibada ziitwazo Rigveda. Nyimbo hizo hazikuandikwa. Zilihifadhiwa kwa kichwa na makuhani walioitwa Mabrahmani, mwalimu akimfundisha mwanafunzi silabi kwa silabi. Katika dini hiyo tendo kubwa lilikuwa kafara. Moto uliwashwa, samli ikamiminwa, maneno yakatamkwa, na kila jambo lilipaswa kufanywa kwa utaratibu wake. Tendo hilo la ibada ndilo lililoitwa karma. Likitimizwa sawasawa lilitarajiwa kuleta mvua, ng'ombe, watoto na makao mbinguni; likikosewa halikufaa kitu. Liangalie jambo hili vizuri. Kilichopimwa hapo ni usahihi wa kazi; moyo wa mtendaji haukupimwa sana.

Karne nyingi zikapita. Yapata karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo, baadhi ya wenye hekima walianza kuuliza maswali ambayo kafara haikuweza kuyajibu. Mafunzo yao yamekusanywa katika Upanishadi, na mojawapo ya zile za kale kabisa ni ile iitwayo Brihadaranyaka. Humo mna habari za mwalimu Yajnavalkya, aliyehojiwa na wataalamu wengi katika baraza la mfalme Janaka wa Videha. Mmoja wao, jina lake Artabhaga, alimwuliza hivi: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi yake ikaenda upeponi, na mwili wake ukarudi ardhini, mtu mwenyewe huwa wapi? Yajnavalkya hakutaka kujibu mbele ya watu. Alimshika mwenzake mkono wakaenda kando, nao wakazungumza habari ya karma, kwamba wema wa mtu hutokana na matendo yake mema, na ubaya wake na matendo yake mabaya.

Hapo lilitokea geuko kubwa. Tendo lilikuwa limetoka madhabahuni likaingia katika maisha yote ya mtu, na sasa lilimfuata hata baada ya kifo. Yajnavalkya alishika pia jambo la pili. Alifundisha ya kuwa ndani ya kila mtu mna nafsi, iitwayo atmani, isiyochakaa wala kufa. Nafsi hiyo huuacha mwili mmoja na kuushika mwingine, kama kiwavi afikaye kwenye ncha ya jani moja akavukia jani jingine. Kwa hiyo aliyeuliza ni nani avunaye alipewa jibu jepesi: mwili hubadilika, lakini msafiri ni yule yule.

Wataalamu hawakubaliani juu ya chanzo cha imani hii ya kuzaliwa tena kwa kadiri ya matendo. Wengi wameona ya kuwa ilichipuka miongoni mwa Mabrahmani wenyewe. Johannes Bronkhorst, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alitoa hoja kwamba ilitoka katika nchi za mashariki, kando ya mto Ganges, kwa watu waliokuwa na utamaduni wao mbali na ule wa Veda, na kwamba Mabrahmani waliipokea baadaye. Lolote utakalolikubali, nchi hizo za mashariki ndizo tunazopaswa kuziendea sasa, kwa sababu ndiko Buddha alikofundisha.

Katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, bonde la Ganges lilikuwa katika mageuzi makubwa. Zana za chuma zilitumika, mpunga ulistawi, na miji kama Rajagaha, Savatthi na Varanasi ilikua. Wafanyabiashara walipita na misafara yao, na vipande vya fedha vilivyopigwa chapa vilianza kutumika kuwa sarafu. Falme za Magadha na Kosala zilimeza makabila madogo yaliyozizunguka. Katika hali hiyo watu wengi waliacha nyumba zao, wakaishi misituni na njiani, wakila cha kuomba na kutafuta ukweli wa maisha. Hao waliitwa Wasamana. Hawakuzitii Veda, wala hawakumhitaji kuhani wa kuwachinjia kafara.

Masimulizi ya Wabuddha yanatuonyesha jinsi swali la tendo lilivyokuwa kali wakati huo. Ajatasattu, mfalme wa Magadha, alikipata kiti cha enzi kwa kumwua baba yake, mfalme Bimbisara. Usiku mmoja wa mbalamwezi aliketi juu ya jumba lake, akauliza ni mwalimu gani angeweza kuutuliza moyo wake. Mawaziri walimtajia mabwana sita mashuhuri, naye akanyamaza, maana kumbe alikwisha kuwasikia. Purana Kassapa alifundisha ya kuwa hata mtu akiua na kunyang'anya hapati dhambi, na hata akitoa sadaka hapati thawabu. Makkhali Gosala alisema ya kuwa maisha ya kila kiumbe yamekwisha kupimwa. Kama donge la uzi litupwalo likafunguka hata uzi ukaisha, ndivyo mwenye hekima na mpumbavu watakavyofikia mwisho wao, bila juhudi kuongeza wala kupunguza kitu. Ajita Kesakambali alisema mtu ni udongo, maji, moto na hewa tu. Akifa amekwisha, na matendo yake yamekwisha naye.

Miongoni mwa sita hao alikuwamo pia Mahavira, kiongozi wa Wajaini. Yeye aliliona tendo kuwa jambo zito sana. Kwa mafundisho ya Wajaini, karma ni kitu hasa, kama vumbi jembamba mno, nacho huigandama roho na kuilemea. Roho husafishwa kwa kujizuia na kwa kujinyima. Dini hiyo ingali hai, na wafuasi wake wamo hata katika nchi yetu. Hekalu lao mojawapo lipo mjini Mombasa.

Fikiri, msomaji, uzito wa majibu hayo kwa mtu aliyemwaga damu ya baba yake. Mmoja alimwambia hakufanya kosa. Mwingine alimwambia hakuwa na hiari. Mwingine alimwambia tendo lingekufa pamoja naye. Maneno hayo yangeweza kuwa faraja, lakini moyo wa mfalme haukutulia. Ndipo tabibu wake, Jivaka, alipompeleka usiku ule ule katika shamba lake la miembe, alikokuwa Buddha pamoja na watawa wake.

Buddha huyu jina lake la kuzaliwa lilikuwa Siddhattha Gotama, wa kabila la Sakya. Alizaliwa Lumbini, mahali palipo sasa katika nchi ya Nepal. Mfalme Ashoka alipazuru katika karne ya 3 kabla ya Kristo akasimamisha nguzo ya jiwe yenye maandishi, na nguzo hiyo ipo hata leo. Siddhattha aliiacha nyumba yake, akajifunza kwa waalimu Alara Kalama na Uddaka Ramaputta, kisha akajitesa kwa njaa mpaka akakonda mno. Alipoona njaa haimfikishi popote aliiacha njia hiyo. Chini ya mti, mahali paitwapo leo Bodh Gaya, alipata ule ufahamu uliompa jina la Buddha, yaani aliyeamka. Alifariki akiwa na umri wa miaka 80. Wataalamu wa zamani waliuweka mwaka wa kifo chake kuwa 483 kabla ya Kristo; wengi wa siku hizi hukiweka karibu na mwaka 400.

Buddha alilichukua neno la zamani akalitia maana mpya. Alisema ya kuwa karma ni nia. Mtu hukusudia kwanza, kisha hutenda kwa mwili, kwa ulimi au kwa fikira. Na lile kusudi ndilo mbegu. Daktari ampasuaye mgonjwa ili amponye, na mnyang'anyi amchomaye msafiri ili amwibie, wote wawili hukata nyama kwa kisu. Jicho huona kisu kimoja. Karma ni mbili mbalimbali. Hivyo tendo, lililokuwa limetoka madhabahuni likaingia katika maisha, sasa liliingia moyoni.

Jambo hilo lilileta ubishi na Wajaini. Upali, tajiri mfuasi wa Mahavira, alikwenda kwa Buddha kushindana naye, akishikilia ya kuwa tendo la mwili ni zito kuliko tendo la moyo. Buddha alimwuliza habari za mtawa mwenye kujizuia kabisa, ambaye atembeapo hukanyaga wadudu wadogo bila kujua. Je, ana hatia kubwa? Upali alijibu ya kuwa mwalimu wake husema pasipo kusudi hatia si kubwa. Kwa jibu hilo alikuwa amekiri mwenyewe ya kuwa kusudi ndilo litialo uzito. Kisa hiki kimesimuliwa na Wabuddha, na Wajaini wana hoja zao. Lakini kinaonyesha wazi mahali njia zao zilipoachana.

Fundisho hilo liligusa pia heshima ya watu. Mabrahmani wengi walidai utakatifu kwa tumbo walilozaliwa. Buddha alijibu ya kuwa kazi ya mtu ndiyo imfanyayo mkulima, fundi, askari au mwizi, na kadhalika matendo yake ndiyo yamfanyayo Mbrahmani wa kweli. Kama nia ndiyo mbegu, mbegu hiyo imo mikononi mwa maskini sawasawa na mwana wa kuhani.

Na Ajatasattu je? Usiku ule aliungama kosa lake la kumwua baba yake. Buddha hakumwambia ya kuwa si kitu. Aliupokea ungamo wake, akasema ni maendeleo kwa mtu kuona kosa lake na kulikiri. Lakini mfalme alipokwisha kuondoka, Buddha aliwaambia watawa ya kuwa mtu yule amejiharibia. Kama asingalimwua baba yake, macho yake ya ndani yangalifunguka palepale alipoketi. Toba ilikuwa njema, walakini tendo lilikuwa limekwisha kuziba njia.

Sasa tuliangalie lile fundisho la pili. Baada ya kuamka, Buddha alikwenda katika bustani ya kulungu karibu na Varanasi, mahali paitwapo leo Sarnath, akawafundisha wenzake watano wa zamani. Katika hotuba iliyohifadhiwa kuwa ya pili, aliyagawa yote tuyaitayo mtu katika mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi wa vitu, nia na mielekeo ya moyo, na fahamu. Kisha aliyapima moja moja. Kama mwili ungekuwa nafsi ya kweli, mtu angeweza kuuamuru usiugue, nao ungetii. Lakini huugua bila kutuomba ruhusa, na huzeeka tukitazama. Hisia nazo huja na kwenda, na fahamu vivyo hivyo. Kitu kibadilikacho namna hii, na chenye kuleta maumivu, hakifai kuitwa mimi mwenyewe. Fundisho hilo, katika lugha ya Kipali, huitwa anatta, yaani kutokuwa na nafsi.

Wataalamu wengi huona hapa jibu kwa Upanishadi. Zile zilisema ya kuwa nafsi ni mtawala akaaye ndani. Buddha alimtafuta mtawala huyo katika kila chumba cha nyumba, asimwone. Lakini hakuenda upande wa Ajita, aliyesema mtu akifa matendo yake yamefutika. Mtu mmoja aitwaye Vacchagotta alipomwuliza kama nafsi ipo, alinyamaza. Alipoulizwa kama haipo, alinyamaza tena. Baadaye alimweleza mwanafunzi wake Ananda ya kuwa jibu la kwanza lingempeleka mwulizaji kwa wenye kuamini nafsi ya milele, na la pili lingempeleka kwa wenye kuamini kutoweka kabisa.

Huenda wewe umekwisha kuiona shida. Basi hukuwa wa kwanza. Yasimuliwa ya kuwa usiku mmoja wa mwezi mpevu, Buddha alipokuwa akieleza mafungu haya matano, mtawa mmoja aliwaza moyoni: ikiwa mafungu haya si nafsi, ni nafsi gani itakayoguswa na matendo yaliyotendwa na kitu kisicho nafsi? Mtawa mwingine, jina lake Sati, mwana wa mvuvi, alitaka kuiondoa shida hiyo kwa kusema ya kuwa fahamu ile ile ndiyo isafiriyo kutoka maisha haya mpaka mengine. Buddha alimkemea. Alisema fahamu hutokea kwa sababu zake, kama moto uitwavyo moto wa kuni au moto wa nyasi kwa kadiri ya kile kiunguacho. Moto hauna mahali unapokaa ukingoja kuni. Kuni zikiwapo na sababu nyingine zikitimia, moto huwapo.

Hapo ndipo penye ufunguo. Aulizaye ni nani avunaye hutafuta kitu kilichobebwa kutoka siku ya kupanda mpaka siku ya kuvuna. Buddha hakuona kitu kilichobebwa. Aliona mfululizo wa sababu, moja ikizaa nyingine. Nia huacha alama katika moyo, alama huzaa mwelekeo, na mwelekeo huzaa nia nyingine.

Mafunzo haya yalishikwa kwa kichwa kwa muda mrefu, na mapokeo husema yaliandikwa kwanza huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Yalielezwa kwa mifano mizuri sana katika kitabu kiitwacho Maswali ya Milinda. Milinda ndiye Menander, mfalme wa Kiyunani aliyetawala kaskazini-magharibi ya Bara Hindi yapata mwaka 150 kabla ya Kristo. Katika kitabu hicho anamhoji mtawa Nagasena. Nagasena anamwuliza: taa ikiwashwa jioni ikawaka mpaka alfajiri, je, mwali wa alfajiri ni ule ule wa jioni? Si ule ule, wala si wa taa nyingine. Tena maziwa hugeuka kuwa mgando, mgando ukawa siagi, na siagi ikawa samli. Samli si maziwa, lakini pasipo maziwa yale samli ile isingekuwapo.

Mfano mwingine ni wa mwizi wa maembe. Mtu ameiba maembe shambani, naye ashtakiwapo mbele ya mfalme anajitetea: mwenye shamba alipanda maembe mengine ardhini, na haya niliyoyachuma si yale, kwa hiyo sikuiba mali yake. Je, utamwachilia? Milinda alikataa, na nadhani wewe pia utakataa. Maembe yaliyoibwa yametokana na yale yaliyopandwa, na hiyo yatosha kuwa hatia. Ndivyo ilivyo kwa mtu. Atakayevuna si yule yule kabisa, wala si mtu baki. Ametokana na aliyepanda.

Usidhani ya kuwa mifano hii ilimaliza ubishi. Katika karne zilizofuata, Wabuddha wa madhehebu ya Puggalavada walishika ya kuwa yupo mtu fulani asiyeweza kusemwa kuwa ni mafungu yale matano wala kuwa ni mbali nayo, kwani waliona vigumu kuhifadhi haki ya malipo bila huyo. Wenzao waliwapinga vikali. Walakini Xuanzang, msafiri wa Kichina aliyekwenda Bara Hindi na kurudi kwao baina ya mwaka 629 na 645, aliwakuta watawa wa madhehebu hayo wakiwa wengi sana.

Si lazima, msomaji, uwe Mbuddha ili ufaidike na historia hii, wala sikuandika ili kukuvuta huko. Lakini sasa unaweza kuona kosa la wale walitumiao neno karma kwa maana ya majaaliwa. Wasemayo ni maneno ya Gosala na donge lake la uzi. Buddha alilihesabu fundisho hilo kuwa baya kuliko mengine yote ya wakati wake, akalifananisha na blanketi la nywele, ambalo wakati wa baridi ni baridi, na wakati wa joto ni moto. Alilikataa kwa sababu humwondolea mtu juhudi.

Wahenga wetu husema wema hauozi. Buddha angalikubali, kisha angalikuuliza swali moja zaidi: wema huo hukaa wapi hata usioze? Jibu lake ni kwamba haukai katika ghala yoyote ya siri ndani yako. Huishi katika yale unayozidi kuwa. Mwanafunzi adanganyaye leo katika mtihani aweza kukosa kuonekana na mwalimu, na hati yake ikasifiwa. Lakini yule atakayeamka kesho akiitwa kwa jina lake atakuwa ametokana na udanganyifu ule, kama embe litokanavyo na mbegu yake. Na hakuna mwingine atakayeulizwa habari zake.